Kabla Hujawa Mwalimu, Mtafute Mwalimu

Kila ikifika Mei, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wanafunzi wa vyuo vikuu: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kupata shule nzuri ya kufanyia fildi." Nami huwajibu kwa swali: nzuri kwa lipi? Hapo kimya hupita kidogo, kisha majibu yanakuja. Iko karibu na kwa shangazi. Inafaulisha. Ina maji na umeme. Mkuu wa shule anafahamiana na baba.

Sababu hizo si za kipuuzi. Kulala kwa shangazi kunaokoa kodi ya chumba, na maji ni maji. Lakini hakuna hata moja inayogusa jambo ambalo kijana anakwenda kulitafuta: je, kazi hii ninaiweza, na je, ninaitaka? Nimefundisha sekondari za serikali kwa miaka mingi, na walimu tarajali waliopita mikononi mwangu siwezi kuwataja wote kwa majina. Waliopata jibu la kweli, liwe ndiyo au hapana, hawakulipata kwa sababu ya sifa za shule. Walikaa karibu na mwalimu mmoja aliyewafungulia mlango wa darasa lake, akawaacha waione kazi ikifana na waione ikiharibika. Ndiyo maana ushauri wangu huanzia hapo: mtafute mwalimu kwanza, shule itafuata.

Nawaandikia watu wawili. Wa kwanza anasoma shahada ya ualimu. Mazoezi ya kufundisha ni sehemu ya masomo yake, na chuo kimempa nafasi ya kupendekeza kituo. Wa pili, ambaye ndiye ninayemfikiria zaidi, anasoma kemia, hisabati, jiografia au fasihi. Ualimu haumo kwenye jina la shahada yake, lakini siku nyingine hujiuliza kama riziki yake haiko mbele ya ubao. Huyu hakuna anayemlazimisha kwenda shuleni. Akienda, atakwenda kwa kujitolea, likizo ndefu, kwa nauli yake mwenyewe. Ana haki ya kuchagua vizuri.

Tuisheni haikuonyeshi kazi yote

Wengi huniambia, "Mimi kufundisha nakujua, nimefundisha tuisheni tangu nimalize kidato cha sita." Sibezi. Tuisheni inakufundisha kusimama, kupaza sauti na kufafanua swali la mtihani. Lakini mtoto wa tuisheni amekuja kwa sababu yeye au mzazi wake ametaka aje, na amelipa. Darasani wanakuja wote: anayelipenda somo lako, anayelichukia, aliyetembea kilomita saba bila kunywa chai, na aliyefiwa wiki iliyopita bila kumwambia mtu. Kufundisha shuleni ni kuwafundisha wote hao kwa pamoja, ndani ya dakika 40, kisha kengele inalia nawe unahamia mkondo mwingine kuanza upya.

Tena kipindi ni kipande tu cha kazi. Nyuma yake kuna azimio la kazi la muhula, andalio la somo la kila siku, shajara ya somo, daftari la mahudhurio, kusahihisha, wiki ya zamu, vikao vya wazazi, na fomu ya takwimu ambayo ofisi ya elimu inaitaka kabla ya saa sita. Chukua kusahihisha peke yake. Mwalimu mwenye mikondo minne ya wanafunzi 70 ana madaftari 280 kwa zoezi moja. Akitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, hizo ni dakika 560, zaidi ya saa tisa. Hesabu hiyo huwezi kukutana nayo kwenye tuisheni, na ndiyo inayoamua kama utaipenda kazi hii ukiwa na miaka 40.

Nenda kwenye shule ambayo hukuisoma

Ukiachiwa uchague kwa moyo wako, utachagua shule inayofanana na uliyosoma. Aliyetoka seminari atataka seminari. Aliyetoka bweni la wasichana atataka bweni la wasichana. Ni jambo la kibinadamu, lakini litakunyima kuona. Shule ya aina ile unaijua tayari, ingawa unaijua kutoka upande wa dawati.

Kuna sababu nyingine, tena ya ajira. Mwalimu anayeajiriwa na serikali hupangiwa kituo, na sehemu kubwa ya vituo ni sekondari za kutwa zilizosambaa Tanzania nzima tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, zile tulizozizoea kwa jina la shule za kata. Ada ilipofutwa Januari 2016 kwa wanafunzi wa shule za serikali hadi kidato cha nne, madarasa ya shule hizi yalizidi kujaa. Kama ndoto yako ya ualimu imejengwa juu ya Ilboru, Kibaha au Kilakala, shule za serikali zinazochukua wanafunzi wenye ufaulu wa juu kabisa, umejenga juu ya bahati. Nenda kwanza mahali ambapo yamkini ndipo utakapopelekwa. Ukiupenda ualimu hapo, utaupenda popote.

Katika shule ya kutwa utakutana pia na jambo ambalo vitabu vya chuo hulitaja kwa haraka: lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili alijua usanisinuru ni nini, na kipeuo cha pili alikitafuta bila hofu. Anaingia kidato cha kwanza, mambo yale yale yamebadilika majina, na ghafla anaonekana mjinga. Utamwona mwalimu akieleza kwa Kiingereza, akitazama nyuso, akirudia kwa Kiswahili, kisha akiandika ubaoni kwa Kiingereza kwa sababu mtihani hautauliza kwa Kiswahili. Kuna walimu wanaovuka daraja hilo kwa ustadi mkubwa. Wako wengine wanaosoma nukuu tu na kuondoka. Ukae wiki mbili nyuma ya darasa ukiangalia nani anafanya nini, na watoto wanamjibu vipi.

Wenye mawazo ya kufundisha watoto wadogo nao waingie darasa la kwanza, wakae hata siku tatu wanapofundishwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hakuna kazi ya ualimu iliyo ngumu kuliko hiyo, na hakuna inayodharauliwa kama hiyo. Na anayevutwa na elimu maalumu asiishie kusoma nadharia. Dar es Salaam peke yake ina shule kama Uhuru Mchanganyiko na Buguruni Viziwi, ambako mgeni hugundua mapema kwamba kuguswa moyo hakumfundishi mtoto kusoma. Kunahitajika lugha ya alama, nukta nundu, na saburi ya kazi.

Shule binafsi? Zipo nzuri sana, zenye usimamizi wa karibu ambao shule nyingi za umma hazina. Lakini jihadhari na ile inayokupokea kwa furaha kupita kiasi. Ukiambiwa siku ya kwanza kwamba utashika vipindi 28 kwa wiki kwa sababu mwalimu wa fizikia ameacha kazi, hapo umegeuzwa kibarua wa bei nafuu. Hata shule za serikali zenye upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati zina kishawishi hicho. Mkuu wa shule hana ubaya. Ana watoto wasio na mwalimu, naye ameona mtu wa hisabati ameingia getini. Utajisikia umeheshimiwa. Ukweli ni kwamba utafundisha peke yako, utakosea peke yako, na hakuna atakayekwambia ulikosea wapi.

Mwalimu mwenyeji hupatikana vipi

Anza kwa kuuliza bwenini kwako. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wametoka kidato cha sita juzi tu, na kumbukumbu zao bado mbichi. Usiwaulize shule ipi ni nzuri. Waulize: nani alikufanya uelewe somo ulilokuwa umelikatia tamaa? Jina moja likitajwa na watu wawili wasiofahamiana, liandike. Wengine wa kuuliza ni walimu wako wa zamani. Hao wanajuana, wamesahihisha mitihani pamoja, wamekutana kwenye semina, wanajua nani ni hodari kweli na nani ana maneno mengi.

Shule uliyosoma mwenyewe itumie kama mlango. Kubaki humo kuna shida zake: walimu watakukumbuka kwa jina la utani, watakutuma chaki, na wewe utaendelea kuwaogopa. Ni vigumu kumtazama kwa jicho la kazi mtu aliyewahi kukusimamisha mstarini.

Ukishapata jina, mtafute mwenyewe kabla ya barua yoyote. Nenda ukamwamkie, umweleze unachotaka kwa ufupi: kukaa darasani kwake, kusaidia kusahihisha, kisha kufundisha vipindi vichache akiwepo. Msikilize anavyojibu. Akikuuliza unataka kujifunza nini, umefika. Akisema, "Karibu sana, nilikuwa natafuta mtu wa kunipumzisha," mshukuru na uendelee kutafuta.

Baada ya hapo, haya ndiyo mambo ya kukubaliana na mkuu wa shule au makamu wake, kwa adabu, kabla hujafungasha begi. Nitakuwa chini ya mwalimu gani, na yeye mwenyewe ameridhia? Nitafundisha vidato vipi, na vipindi vingapi kwa wiki? Kwa anayeanza, vipindi sita hadi kumi vinatosha kabisa. Nitaruhusiwa kuungana na mwalimu wa zamu na kuhudhuria kikao cha walimu? Mwishoni, nani ataniandikia barua ya tathmini? Na swali moja ambalo wengi husahau: kidato nitakachoshika kinatumia muhtasari upi? Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 na unaingia darasa baada ya darasa, kwa hiyo vidato viwili vya shule moja vinaweza kuwa na mihtasari tofauti. Kuandaa somo kwa muhtasari uliokwisha muda wake ni aibu inayoepukika.

Mwisho, hakikisha somo utakalofanyia mazoezi linafundishwa shuleni na linatokana na shahada yako. Mwenye shahada isiyo ya ualimu anaweza baadaye kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni mojawapo ya vyuo vinavyoitoa. Lakini mwajiri atauliza masomo yako ya kufundishia. Aliyesoma hisabati hana shida. Aliyesoma sosholojia atakuta hakuna somo la jina hilo sekondari. Ni afadhali ulijue hilo sasa, kabla ya kulipa ada.

Kalenda inaweza kukuangusha

Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari na kuishia Desemba, na likizo ya katikati huwa Juni. Likizo ndefu ya vyuo vikuu vingi huangukia kati ya Julai na Oktoba. Ukipanga vizuri, mambo haya mawili yanakutana Julai, muhula wa pili unapofunguliwa. Hapo utawakuta walimu wakiandaa maazimio ya kazi, na kidato cha tano wakiripoti na masanduku yao. Utaona mwanzo wa jambo.

Ukichelewa hadi mwishoni mwa Septemba, utakuta shule nyingine kabisa. Darasa la saba wameshafanya mtihani wao wa taifa na hawapo. Kidato cha nne wamo kwenye marudio, wanakaribia mtihani wa Novemba, na hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemkabidhi mgeni kidato cha nne wakati huo. Kidato cha pili nao wana upimaji wao mlangoni. Utaishia kusimamia majaribio na kugawa karatasi. Msomaji wa Kenya, ambako mwaka una mihula mitatu, aangalie kalenda yake kwa jicho hilo hilo: fika muhula unapoanza, usifike unapofungwa.

Muda je? Wiki moja inatosha kukata kiu ya udadisi. Wiki nne zinaanza kusema kitu. Wiki nane ni bora, kwa sababu ifikapo wiki ya tano ugeni umekwisha, watoto wameacha kukuogopa, nawe umeacha kujifanya. Kazi yenyewe huanza kuonekana hapo.

Barua, nauli na mahali pa kulala

Usiingie shuleni kwa undugu tu, hata kama mkuu wa shule ni mjomba wako. Chukua barua ya utambulisho chuoni. Kwa shule za serikali Tanzania Bara, utaratibu wa kawaida ni kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri na ofisi ya ofisa elimu wa ngazi husika, sekondari au msingi, kisha ndipo mkuu wa shule akupokee. Zanzibar, shule ziko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, basi anzia huko. Peleka barua mapema. Mezani kwa ofisa elimu kuna barua nyingi, na yako haina haraka isipokuwa kwako. Barua hiyo ni kinga yako pia: siku likitokea la kutokea, iwe inajulikana wewe ni nani na nani alikuruhusu.

Fedha ipigiwe hesabu kwa kalamu. Tuseme unapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 700. Hiyo ni 2,800 kwa siku, 14,000 kwa wiki, na 112,000 kwa wiki nane, hujala chochote. Wanafunzi ambao mafunzo kwa vitendo yamo kwenye programu zao na wana mkopo wa Bodi ya Mikopo huweza kupata fedha za sehemu hiyo; wajitoleao kwa hiari yao wasizitegemee. Shule nyingi za umma hazitakupa kitu zaidi ya uji au chakula cha mchana cha walimu, nacho mara nyingi walimu wenyewe wanakichangia. Changia nawe. Mgeni anayekula bila kuchangia hujulikana haraka kuliko anayefundisha vibaya.

Ukienda kijijini, ulizia nyumba kabla ya safari: kuna nyumba za walimu, maji yanatoka wapi, barabara inapitika? Beba chandarua. Dada zangu, msikubali kupangiwa chumba peke yenu kwenye gesti ya senta kwa miezi miwili. Ombeni kukaa na mwalimu wa kike au familia inayojulikana na shule. Kama shule haiwezi kulitafutia ufumbuzi jambo hilo, itawezaje kukulinda katika mengine?

Siku ya tatu upewe jembe

Wahenga waliagiza mgeni akae siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwa mazoezi ya ualimu ningebadilisha siku ziwe wiki. Wiki mbili za kwanza kaa nyuma ya darasa, kwenye dawati, na daftari lako. Usiandike alichofundisha mwalimu. Hilo limo kitabuni. Andika alichofanya mtoto wa safu ya mwisho karibu na dirisha. Andika ni swali gani lilipokewa kwa kimya na mwalimu akalibadilishaje. Andika muda uliopotea kati ya kengele na sentensi ya kwanza ya somo.

Nenda darasani kwa walimu wengine pia, wakikuruhusu, hata wa masomo usiyoyajua. Mtu wa kemia akimtazama mwalimu wa Kiswahili akiendesha mjadala wa riwaya hujifunza mambo ya kuongoza mazungumzo ambayo maabara haimpi.

Wiki ya tatu shika jembe. Andaa somo moja, mwonyeshe mwenyeji wako andalio kabla, fundisha akiwa amekaa nyuma, kisha mkae chini siku hiyo hiyo. Utavunjika moyo kidogo. Somo uliloliandaa kwa saa tatu litaisha kwa dakika 15, au halitafika nusu. Ni kawaida. Kinachonionyesha kijana ana ualimu ndani yake ni swali analouliza baada ya hapo. Nakumbuka mmoja, mwanafunzi wa takwimu, aliyesahihisha zoezi la sehemu akakuta nusu ya darasa wameandika kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5. Wenzake waliokuja naye walitia mkasi na kuendelea. Yeye alikuja mezani kwangu na daftari: "Mwalimu, hii 2/5 wameitoa wapi wote hawa?" Tukaitafuta pamoja. Walikuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kesho yake alileta chungwa, akalikata nusu, akawauliza kama inawezekana ukaongezewa kipande halafu ukabaki na kidogo kuliko ulichokuwa nacho. Darasa zima likacheka, na kosa likaondoka.

Chukua wiki moja ukae na mwalimu wa zamu kuanzia asubuhi kabla ya wachelewaji hadi watoto wa mwisho wanapotoka. Kaa ofisi ya walimu na usikilize. Utasikia malalamiko ya madaraja na madeni, utasikia utani, na utasikia mtu akimtetea mwanafunzi mtukutu kwa sababu anajua nyumbani kwao kuna nini. Usiingilie siasa za ofisi. Kila shule ina kambi zake. Lakini jiulize kama ungetamani kuwa na umri wao katika chumba hiki.

Mipaka isiyojadiliwa

Wewe una miaka 22. Baadhi ya wanafunzi wa kidato cha sita wana 19 au 20. Wiki iliyopita mlikuwa kizazi kimoja. Leo wanasimama ukiingia na kukuamkia. Umbali huo uulinde wewe, maana wao hawana wajibu wa kuulinda.

Fimbo usiishike, hata ukipewa. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kutoa adhabu ya viboko visivyozidi vinne na kuiandika kitabuni. Wewe humo hutajwi. Oktoba 2016 video kutoka sekondari moja ya Mbeya ilisambaa nchi nzima ikiwaonyesha walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi ofisini. Walifukuzwa vyuoni kwao. Walikuja kujifunza kazi, wakaipoteza kabla hawajaianza. Ukiona mwenyeji wako anatawala darasa kwa fimbo tu, umejua kwamba umekosea mwenyeji. Omba kwa heshima kuhamishiwa kwa mwingine.

Mapenzi na mwanafunzi hayana mjadala. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Lakini usisubiri sheria ikutishe. Usigawe namba yako ya simu kwa wanafunzi, usichati nao usiku, usimfundishe mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Usipige picha za watoto na kuzirusha mitandaoni, hata kama zinakupendeza. Na mtoto akikueleza kwamba anaumizwa nyumbani au shuleni, usimuahidi siri. Mpeleke kwa mwalimu wa malezi na ushauri au mkuu wa shule siku hiyo hiyo.

Jibu utalisoma wapi

Kila jioni andika mistari mitatu. Leo nani hakuelewa, na kwa nini? Leo nilifurahi wapi? Kesho ningekwenda kama hakuna anayenisubiri? Usiipambe. Baada ya wiki nane utakuwa na ushahidi wako mwenyewe, ulio bora kuliko ushauri wa mjomba na kuliko makala hii.

Ukiisoma mistari hiyo, usitafute kama ulipenda watoto. Karibu kila mtu hupenda watoto kwa wiki nane. Tafuta kama, baada ya somo lililoharibika, ulitaka kulirudia. Tafuta kama madaftari yalikuchosha tu au yalikukera. Uchovu hupona kwa usingizi, kero haiponi. Tafuta kama makosa ya wanafunzi yalikuwa yakikufikirisha.

Jibu likiwa ndiyo, jua unaingia wapi. Siku hizi waombaji wa ualimu serikalini hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na wenye sifa wanaosubiri ni wengi, hasa wa masomo ya sanaa. Barua nzuri ya mwenyeji wako na wiki nane za kweli hazikuhakikishii ajira, ila zitakufanya uwe na la kusema ukiulizwa kwa nini unataka kufundisha. Jibu likiwa hapana, hujashindwa. Umetumia wiki nane badala ya kutumia miaka minane, na umewaepusha watoto 70 na mwalimu ambaye hakutaka kuwa pale.

Sasa kazi ni yako. Barua ya utambulisho huandikwa kwa siku chache, na mwalimu wa kukaa naye hachukui muda mfupi hivyo kupatikana. Kabla ya kuulizia shule yoyote, jioni hii muulize mwenzako wa mwaka wa kwanza nani alimfanya aelewe, kisha uandike jina hilo.